Mgambo Aliyetolewa Nje ya Sentensi

Swali la 51 liliwakwamisha wote. Tulikuwa saba katika chumba cha nyuma cha maktaba, Jumamosi asubuhi. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa Wakongomani waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani, na kila mmoja alikuwa na kijitabu chake cha yale maswali 100 ya mtihani wa uraia yaliyoanza kutumika 2008. Swali lenyewe lilikuwa fupi: taja haki mbili za kila anayeishi Marekani. Majibu yaliyokubalika yalikuwa sita: uhuru wa kujieleza, wa kusema, wa kukusanyika, wa kuipelekea serikali malalamiko, wa dini, na mwisho kabisa haki ya kubeba silaha.

Mama mmoja wa makamo, mtu wa upande wa Uvira, akanyanyua penseli yake.

"Mwalimu, hapa bunduki iko haki sawa na kusali?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Waliomtoa kwao walikuwa wamebeba silaha.

Nikamjibu ndiyo. Kisha nikataka kumweleza sababu, nikajikuta nimeingia msitu ambao majaji wa Marekani wenyewe wanauzunguka tangu enzi za magobore.

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa Desemba 1791, ni sentensi moja ya maneno 27 ya Kiingereza. Kwa Kiswahili changu inasomeka hivi: kwa kuwa jeshi la mgambo lililotiwa nidhamu ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya wananchi ya kuweka na kubeba silaha haitavunjwa. Basi. Ubishi wote, kesi zote, mabilioni ya dola za kampeni, vimening'inia kwenye sentensi hiyo yenye kichwa na kiwiliwili ambavyo havijulikani kama vinaongozana.

Anayeitafsiri kwa Kiswahili hupata taabu ambayo ina faida yake, kwa sababu lugha yetu inamlazimisha achague. Mtu aliyebeba silaha anaweza kuwa mlinzi wa benki, mwindaji, au jambazi mwenye bastola kiunoni. Lakini tukisema wananchi walishika silaha, kila msikilizaji anajua kwamba kuna vita. Kiingereza cha karne ya 18 kilitumia maneno yale yale kwa maana zote mbili, na katika maandishi ya wakati ule yaliyosalia, maana ya vita ndiyo iliyozoeleka zaidi. Mimi nimeandika "kubeba" hapo juu kwa sababu ndivyo kijitabu cha uraia kinavyoelewa. Ningeandika "kushika", ningekuwa nimeshaamua kesi.

Halafu kuna huyo mgambo. Kwa Mtanzania wa leo neno hili linaleta picha ya kijana mwenye kirungu akimkimbiza mama muuza ndizi kando ya stendi, beseni limeanguka, ndizi ziko chini. Tuliokulia kwenye methali tunakumbuka mgambo mwingine: la mgambo likilia lina jambo. Pembe inapulizwa, watu wanaacha majembe, wanakusanyika. Huyo wa methali ndiye waliyekuwa naye akilini watu wa 1791. Walikuwa wametoka kupigana na Uingereza, na vita hivyo vilianza Aprili 1775 pale askari wa mfalme walipotoka Boston kwenda kijiji cha Concord kuharibu ghala la silaha la walowezi. Waliogopa jeshi la kudumu linalokula mshahara wa mtawala. Waliamini usalama wa nchi huru uko mikononi mwa wakulima na mafundi wanaoitika pembe ikilia.

Mwaka mmoja baadaye Bunge lao likatunga sheria ya mgambo, na ukitaka kujua sentensi ile ilimaanisha nini kwa walioiandika, pa kuanzia ni hapo. Sheria ya 1792 ilimtaka kila mwanamume mweupe, huru, mwenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 45, ajiandikishe, kisha ajinunulie mwenyewe gobore zuri, singe, mawe mawili ya akiba ya kuwashia baruti, na mfuko wenye nafasi ya risasi zisizopungua 24. Akiitwa gwaride, aje navyo. Mgambo wetu anapewa bunduki na serikali na kuirudisha. Wao walikuja na ya kwao kutoka nyumbani, ndiyo maana sentensi inataja "kuweka" kabla ya "kubeba". Kilichoitwa haki kilifanana sana na mchango wa harambee: upende usipende, unatoa.

Rasimu ya James Madison ya Juni 1789 inafumbua zaidi. Ilikuwa na kipande cha mwisho ambacho hakikupita: mtu ambaye dini yake inamkataza kubeba silaha asilazimishwe kutumikia jeshi yeye mwenyewe. Waliolengwa ni watu kama Wakweka, dhehebu linalokataa vita. Kweka wa Pennsylvania aliweza kwenda porini na bunduki akarudi na paa begani bila wenzake wa dini kumuuliza neno. Alichokataa ni kushika silaha. Kwa hiyo ndani ya rasimu ile ile, maneno yale yale, Madison alikuwa akizungumzia vita. Wanaotetea tafsiri nyingine hujibu kwamba ni hatari kutafuta maana ya kilichopitishwa ndani ya kilichofutwa. Jibu hilo lina uzito kiasi, ingawa sijaona mtu akilitumia pale kilichofutwa kinapomfaa.

Kwa zaidi ya karne Mahakama ya Juu haikujishughulisha sana na sentensi hii. Mwaka 1939 ilipata kesi ya Jack Miller na mwenzake, waliokamatwa wakivusha shotigani iliyokatwa mtutu kutoka Oklahoma kwenda Arkansas bila kuisajili wala kuilipia ushuru wa dola 200. Upande wa Miller haukuleta wakili Washington, na Miller mwenyewe aliuawa kwa risasi kabla hukumu haijasomwa. Majaji wakasema kwamba hawajaonyeshwa uhusiano wowote kati ya shotigani fupi namna ile na kazi ya mgambo, hivyo Katiba hailindi silaha hiyo. Kipimo kilikuwa hicho: hii bunduki ina kazi gani kwa mgambo? Wasomi wengi wa sheria walikichukulia kuwa ndicho kilichomaliza mjadala. Mwaka 1991 Warren Burger, aliyekuwa Jaji Mkuu, mhafidhina aliyeteuliwa na Rais Nixon, alisema kwenye televisheni kwamba kuuambia umma vinginevyo ni moja ya utapeli mkubwa aliopata kuuona maishani mwake.

Miaka 17 baadaye "utapeli" huo ukawa sheria.

Dick Heller alikuwa mlinzi katika jengo la serikali mjini Washington. Kazini alivaa bastola. Jioni aliiacha, kwa sababu sheria ya jiji ya 1976 ilikataza bastola nyumbani. Juni 2008, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ikampa haki. Jaji Antonin Scalia aliyeandika hukumu aliipasua sentensi vipande viwili. Kile cha mgambo, alisema, ni utangulizi: kinataja lengo lakini hakiwekei mpaka kinachofuata. Kile cha pili ndicho chenye nguvu, na kinampa mtu binafsi haki ya kuwa na silaha na kuichukua, hasa kwa kujilinda nyumbani kwake.

Kuhusu "kubeba silaha" kama nahau ya vita, Scalia alikuwa na kejeli yake. Nahau haiwezi kushirikiana kitu kimoja na kitenzi cha kawaida, alisema, akatoa mfano wa nahau ya Kiingereza inayotaja ndoo kwa maana ya kufa. Kwa Kiswahili mfano ungekuwa huu: Babu alinunua na kula chumvi nyingi. Ukitaka msomaji aelewe kwamba babu alinunua chumvi dukani, kisha akazeeka, umechekesha. Vivyo hivyo, ukitaka "kuweka na kubeba silaha" imaanishe kuweka bunduki chumbani, kisha kwenda vitani, umechanganya mawili. Nakiri nilicheka nilipoisoma. Lakini kejeli hiyo inasahau kwamba mwenye gobore la mgambo alifanya mambo hayo mawili hasa: aliliweka nyumbani, na pembe ilipolia akaenda nalo.

Nina mfano mwingine wa kwetu. Tuseme mkutano wa kijiji huko Shinyanga umepitisha azimio: kwa kuwa sungusungu ni muhimu kwa usalama wa kijiji, haki ya wanakijiji ya kuwa na rungu isiguswe. Bibi wa miaka 70 asiyetoka doria anaruhusiwa kuwa na rungu? Nadhani ndiyo, azimio limesema wanakijiji, halikusema walinzi. Hapo Scalia yuko sawa, na hoja yake bora ndiyo hiyo: "wananchi" katika Marekebisho ya Kwanza na ya Nne ni mtu mmoja mmoja, mwenye dini yake na nyumba yake isiyopekuliwa ovyo, hakuna sababu wageuke kuwa kikosi katika la Pili. Sasa ulizeni swali la pili. Mwenyekiti akikataza marungu kilabuni siku ya mnada, amevunja azimio? Hapo kila mzee kwenye mkutano atarudi kwenye maneno ya mwanzo. Tulisema rungu ni la nini? La doria. Kilabuni kuna doria gani? Na aliyempiga mkewe na rungu hilo, alinyang'anywe au aachwe nalo? Utangulizi hauwezi kumnyima bibi rungu lake, lakini ndio unaowaambia wazee haki hiyo inafika wapi.

Scalia aliutoa utangulizi nje akaufungia mlango, kisha akahitaji kitu kingine cha kupimia. Akasema zinazolindwa ni silaha ambazo watu kwa kawaida wanazo. Hiki ni kipimo kinachojifuata mkia: silaha inalindwa kwa sababu imeenea, na imeenea kwa sababu haikupigwa marufuku mapema. Yeye mwenyewe aliona ufa. Alikubali kwamba ukiruhusu bunduki kama M-16 ipigwe marufuku, wakati ndiyo hasa ingemfaa mgambo wa leo, mtu anaweza kusema haki imekatika kabisa na utangulizi wake. Akajibu kwamba mabadiliko ya zama hayawezi kubadili tafsiri. Ni aya fupi katika hukumu ndefu, na mimi ndiyo ninayoirudia mara nyingi kuliko zote. Mtu akisema kipimo cha mgambo nacho kina matatizo, kwa kuwa kingelinda bunduki za kivita na kuacha bastola, nitamkubalia. Ila bunduki ya mgambo ilikuwa na daftari la majina, gwaride, ukaguzi na ofisa wa kuisimamia. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye neno "lililotiwa nidhamu", na yote yalitolewa nje pamoja na mgambo.

Kuna mahali pamoja ambapo mimi hulegea, na si kwenye sarufi. Aprili 1873, Jumapili ya Pasaka, mjini Colfax, Louisiana, makumi ya watu Weusi waliuawa na kundi la Wazungu wenye silaha. Wachache walipotiwa hatiani, Mahakama ya Juu ikawaachia mwaka 1876, ikisema miongoni mwa mengine kwamba Marekebisho ya Pili yanalifunga Bunge la taifa tu. Miaka saba tu kabla ya mauaji yale, Bunge hilo hilo lilikuwa limeandika katika sheria ya kuwasaidia waliotoka utumwani, ya 1866, kwamba haki zao za usalama zinajumuisha haki ya kikatiba ya kubeba silaha, kwa sababu majimbo ya Kusini yalikuwa yakiwanyang'anya bunduki na kuwaacha wazi. Mtu aliyevamiwa na mgambo wa jimbo lake hawezi kuambiwa kwamba silaha ni haki ya mgambo. Mwaka 2010 aliyeibwaga sheria ya Chicago alikuwa Otis McDonald, mzee Mweusi aliyechoka kuvunjiwa nyumba, na kesi yake ndiyo iliyoyabana majimbo yote. Ukinihakikishia kwamba haki ya mtu binafsi ilizaliwa 1866 wala si 1791, sina ugomvi nawe. (Historia hii ina vichekesho vyake: Mei 1967 wanaharakati Weusi wa Black Panther waliingia bunge la California na bunduki zao, na kabla mwaka haujaisha gavana Ronald Reagan alikuwa ameshasaini sheria ya kuzuia watu kutembea na bunduki zenye risasi.)

Lakini hata haki iliyozaliwa 1866 inahitaji kipimo, na Juni 2022 Mahakama ilikitupilia mbali kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Mahakama za chini zilikuwa zimejenga utaratibu wa kawaida: tazama uzito wa haki, tazama hatari ambayo sheria inajaribu kuzuia, pima. Katika kesi ya Bruen, iliyoangusha sheria ya New York ya zaidi ya karne kuhusu kutembea na bastola, Jaji Clarence Thomas akasema kupima kumekwisha. Serikali inayotaka kuzuia silaha ionyeshe kwamba kizuizi chake kinafanana na desturi ya taifa ya kihistoria. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, zaidi ya nusu yao wakijiua wenyewe, wengi kwa bastola ya nyumbani kwao. Jaji akiletewa takwimu hiyo leo, kanuni inamwambia aiweke pembeni, aulize wazee wa 1791 walikuwa na sheria gani.

Basi majaji wakageuka wachimba makaburi. Mawakili wakaleta amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1328. Wengine wakarudisha ile sheria ya 1783 iliyokataza bunduki yenye risasi ndani ya nyumba mjini Boston. Ukiipenda, ni kizuizi cha bunduki, usipoipenda, ni sheria ya moto. Historia ni kama kanga, kila mmoja husoma jina linalomfaa na kumfungia jirani. Mahakama moja ya rufaa, Februari 2023, ikafika mwisho wa njia hiyo. Zackey Rahimi wa Texas alikuwa chini ya amri ya mahakama baada ya kumpiga mama wa mtoto wake, na sheria ya taifa ilimkataza kuwa na bunduki. Majaji wakapekua makabati ya karne ya 18, hawakuona sheria ya kumnyang'anya silaha mpiga mke, wakasema basi anayo haki. Hawakuiona kwa sababu karne hiyo kumpiga mke halikuwa jambo lililoishughulisha sana mahakama. Waliosahauliwa na sheria ya zamani wakasahauliwa tena na sheria mpya, safari hii kwa heshima zote za kitaaluma.

Mahakama ya Juu iliirudisha sheria hiyo ya taifa Juni 2024, kura nane dhidi ya moja. Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba hawakukusudia sheria iliyoganda kama mdudu ndani ya ulimbo wa kale. Inatosha kanuni ifanane, na kanuni ya kumnyang'anya silaha mtu anayetishia wengine ni ya siku nyingi. Aliyepinga peke yake ni Thomas, mwandishi wa kanuni iliyokuwa ikifafanuliwa. Nimeisoma hukumu ya Rahimi mara mbili, na ninachokiona ni wazee wa kijiji wanaorudi mlangoni kwa aibu kuuliza rungu lilikuwa la nini. Hawajamtaja mgambo kwa jina, lakini wameanza tena kuuliza kazi ya silaha na hatari ya mwenye nayo, yaani kupima, ingawa wanaapa hawapimi.

Turudi maktaba. Wiki tatu baada ya swali la 51 tulifika kwenye fomu yenyewe ya uraia, na mama wa Uvira akaniita tena. Alikuwa ameweka kidole kwenye swali linalouliza kama, sheria ikitaka, yuko tayari kubeba silaha kwa niaba ya Marekani. Maneno yako vilevile kwenye kiapo. Akafunua nyuma kwenye kijitabu, akalinganisha herufi kwa herufi.

"Hii ni ile ile, mwalimu?"

Maneno ni yale yale, nilimwambia. Ila hapa wanakuuliza kuhusu vita, na ambaye dini yake inamkataza anaweza kuomba aruhusiwe kuyaruka. Nilikuwa nikisema hivyo ndipo nikagundua kwamba kile kipande cha Wakweka kilichofutwa kwenye rasimu ya Madison kimepata makazi kwenye fomu ya wageni.

Aliandika kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kwenye kijitabu, mbele ya maneno ya Kiingereza: bunduki ya nyumba. Kwenye fomu ya mazoezi, mbele ya maneno hayo hayo: vita. Kisha akaniuliza akikosea akabadilisha moja kwa nyingine, watamnyima uraia?